Kiingilio Elfu Mbili

Harusi iliyonipeleka Dodoma siisimulii. Chakula kilitoka saa sita usiku, basi. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilinifikisha chini ya saa nne, miguu haijavimba. Balaa lilianza kesho yake, shemeji aliponiambia Manyoni kuna makumbusho ya reli.

Basi lilikaa stendi saa nzima na ushee likimsubiri abiria wa mwisho, nami nimebanwa na ndoo ya mtu. Nilipofika, kijana wa bodaboda akaapa kuwa stesheni ni mbali: elfu tano. Tukazunguka mitaa mpaka nikahisi tunaelekea Singida.

Makumbusho hayakuwepo. Mlango wa stesheni ulikuwa na kufuli, mbuzi wawili wamejilaza kivulini, na mzee ameketi juu ya taruma la chuma.

"Mbukwenyi," nikamwamkia, kwa Kigogo changu cha kuokota harusini.

Akacheka. "Mimi Mnyamwezi, mwanangu. Unatafuta nini?"

Nikamweleza. Akanitazama kidogo. "Makumbusho ndiyo mimi. Kiingilio elfu mbili."

Nikatoa. Siku hiyo nilishazoea kutoa.

Alistaafu reli, kazi yake ilikuwa kuibadilishia treni njia, ya Tabora au ya Singida. Nyuma ya nyumba yake, kwenye mwarobaini, kilining'inia kipande cha reli. "Pitisha kidole hapo ubavuni." Chini ya kutu kulikuwa na tarakimu: 1911. Wajerumani walifika Dodoma 1910, Tabora 1912, kwa hiyo chuma hiki kilitoka kiwandani wakati reli bado inapasua pori hili hili.

"Treni ikitoka Saranda, simu inalia, mimi nagonga. Wenye asali wanatoka mbio, wenye kuku wanatoka mbio. Wagonjwa nao wanatoka!"

Nikabaki nimeshika kile chuma. Shule yetu ya msingi Korogwe ilikuwa na kengele kama hiyo, imetundikwa kwenye mwembe, na miaka saba niliichukia kila alfajiri. Reli ilipita mbele ya macho yetu, lakini haikunijia hata siku moja kwamba tulikuwa tunaitwa darasani kwa kipande chake. Na ile asali ya Manyoni, marehemu baba aliwahi kutuletea dumu kutoka safari ya Tabora. Aliinunua dirishani, akasema, treni imeshaanza kuondoka. Madirisha ya treni niliyokuja nayo hayafunguki.

Nikaokota jiwe, nikagonga. Mzee akaninyang'anya.

"Hivyo unaita watu msibani!"

Akagonga mwenyewe, harakaharaka. Mbuzi ndio waliogeuka.

Kurudi stendi, yule kijana alikuwa ananingoja na elfu tano yake ile ile. Nikatembea. Dakika nane, tena kwa viatu vya harusi.