Nilivyofunga vifaa kwenye pikapu mpya bila kupoteza waranti

Magari mengi yanayotembea Dar yamekuja kwa meli kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Ndiyo maana mafundi wetu, na sisi wenye magari, tumekua bila kuijua waranti. Gari likishatoka bandarini ni lako pamoja na matatizo yake. Ukitaka kulinyanyua unalinyanyua, ukitaka kutoa masega, yale ya kusafishia moshi kwenye ekzosi, unatoa, hakuna wa kumuuliza. Mazoea hayo ukiyahamishia kwenye gari la sifuri kilometa unatupa hela uliyokwisha kuilipa, maana waranti imo ndani ya bei, na bei ya gari jipya hapa kwetu inauma.

Mimi natengeneza na kufunga madirisha ya alumini. Karakana yangu iko Tegeta, kazi nyingi ziko Bunju, Kibaha, Kigamboni na Mkuranga. Nilinunua pikapu mpya ya dizeli, dabo kabini, kwa mkopo wa benki, kwa wakala mmoja wa Barabara ya Nyerere. Waranti yake ni miaka 3 au kilometa 100,000, kitakachotangulia. Kwa kazi yangu pikapu kama ilivyotoka kiwandani haitoshi. Nilihitaji keria ya kubebea fremu na vioo, ndoano ya kuvuta trela dogo, na taa za nyuma za kushushia mzigo usiku. Benki nayo ilitaka kifungwe kifaa cha GPS cha kufuatilia gari. Baba watoto akaongeza lake: tairi kubwa na gari liinuliwe kidogo, kwa sababu njia ya kwenda saiti moja ya Mkuranga wakati wa masika haipitiki.

Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu, na majibu yalikuwa ya aina mbili. Wa kwanza wakaniambia ukigusa waya mmoja tu, waranti yote imekufa. Wa pili wakasema wakala hana ubavu wa kukufanya kitu, sheria inakulinda. Hawa wa pili, nilipofuatilia, walikuwa wanazungumzia sheria ya Marekani ya 1975 inayoitwa Magnuson-Moss, ambayo kimsingi inamzuia mtengenezaji kukulazimisha utumie vipuri vya jina lake tu ndipo waranti iendelee. Ni sheria nzuri, lakini ni ya kule. Hapa unasimama kwenye mkataba ulioandikwa katika kitabu cha waranti, na nyuma yake ipo Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ambako mlaji anaweza kupeleka malalamiko. Kwa hiyo nikaanza na kitabu.

Nilikisoma chote, hata yale maandishi madogo ya nyuma. Hakikusema popote kwamba ukifunga kitu waranti imekwisha. Kilisema wakala hatagharamia uharibifu uliosababishwa na vifaa visivyo vya kiwandani, au na ufungaji mbaya, au na kubeba kupita uzito. Palikuwa na mambo mawili tu yanayoua waranti nzima: kuchezea kilometa za dashibodi na kuchezea programu ya injini. Hapo nikapata namna ya kufikiri. Kwa kila kifaa nilijiuliza, hiki kikileta shida, kitaharibu nini? Keria ikipasuka haiwezi kuua gia boksi. Lakini taa iliyounganishwa vibaya inaweza kuunguza waya, na waya mmoja wa magari ya siku hizi unapita kwenye kompyuta ambayo bei yake sitaki kuitaja.

Kisha nikaenda kwa wakala na kuuliza kifaa kimoja kimoja. Kijana wa mapokezi ya sevisi, mkarimu sana, akaniambia, "Haina shida dada, we funga tu." Nikamjibu, "Nashukuru kaka yangu, naomba basi uniandikie hivyo hivyo kwenye barua pepe." Nikamtumia maswali yangu, kila kifaa na barua yake. Majibu yaliyorudi hayakuwa "funga tu". Keria ilikubaliwa kwa sharti ikae kwenye matundu ya bolti yaliyopo, bila kutoboa bodi, na uzito wake uhesabiwe ndani ya mzigo. Ndoano ilikubaliwa ikiwa ni ile ya kiwandani, yenye soketi yake ya umeme. Taa za kazi zilikubaliwa zisipochukua umeme kwenye waya za taa za nyuma. GPS vilevile, isiguse waya za gari. Kuinua gari na kubadili saizi ya tairi, walisema wazi kwamba chochote cha miguu, shafti na beringi za magurudumu hakitalipwa.

Huo ndio ushauri ambao ningempa ndugu yangu hata kama hatasoma kingine chochote hapa: uliza kabla ya kufunga, na upate jibu la maandishi. Yule kijana wa mapokezi hakuwa na nia mbaya. Ila siku gari linapoharibika anayeamua ni mtu mwingine, na huyo atataka kuona karatasi.

Suala la tairi lilitaka mjadala nyumbani. Baba watoto aliona wakala anataka tu kukwepa. Nikachukua karatasi tukapiga hesabu pamoja. Tairi zilizokuja na gari ni 265/65R17, upana wa duara lake ni milimita 776 hivi. Alizozitaka ni 285/70R17, ambazo ni karibu milimita 831. Tofauti ni asilimia 7. Maana yake dashibodi ikikuonyesha kasi ya 80, wewe uko kwenye 85 au 86, na trafiki hatakusikiliza. Zaidi ya hapo, dashibodi ikihesabu kilometa 10,000, gari limetembea 10,700, kwa hiyo kila sevisi unaifanya umechelewa. Kwa gari lenye waranti inayohesabiwa kwa kilometa, hesabu ya dashibodi isiyo sahihi inakuweka jirani kabisa na lile kosa la kuchezea kilometa, hata kama hukukusudia. Na ukiinua gari, shafti za mbele zinafanya kazi kwa pembe kali kuliko zilivyopangiwa, raba zake zinachanika, grisi inatoka, mchanga wa Mkuranga unaingia. Tulikubaliana tununue tairi za saizi ileile lakini zenye meno ya matope. Saiti tunafika, na siku mvua ikizidi tunasubiri jua.

Kufunga GPS nilisimamia mwenyewe. Fundi aliyetumwa na kampuni ya kifaa alikuja na vile vibanio vya plastiki vyenye jino la chuma ndani, unavibana juu ya waya, jino linatoboa ngozi na kugusa shaba. Ni kazi ya dakika chache. Nilimzuia, nikamwita fundi umeme wangu, mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani, hapa Dar, ambaye amenifanyia magari miaka mingi. Yeye alikuja na kipande cha waya alichokitoa kwenye gari la mteja, palipofungwa kibanio kama kile. Akakichana kwa wembe. Shaba ilikuwa imegeuka kijani, unga unga, na ukijani ulikuwa umetambaa ndani ya ngozi mbali kutoka palipotobolewa. "Hewa ya chumvi hii mwanangu," akasema, "ukiipa tundu inaingia."

Kwa hiyo GPS ikapata laini yake yenyewe kutoka kwenye kichwa cha betri, na fyuzi ya ampea 3 hapo hapo karibu na betri, na negativu kwenye bolti ya bodi. Haikugusa waya hata mmoja wa gari, kwa sababu kifaa chenyewe kinajua gari likitembea. Taa za kazi zikapata laini nyingine, na fyuzi yake, rilei na swichi yake. Kabla hajafunika, nilipiga picha kila kiungo, zile fyuzi, na waya za kiwandani zikiwa na utepe wake ambao haujafunguliwa. Picha, risiti na zile barua pepe vyote nikaviweka pamoja na kitabu cha sevisi. Nilipeleka pia taarifa ya keria, ndoano na taa kwa kampuni ya bima, viandikwe kwenye bima kubwa, kwa sababu kitu ambacho bima haikijui nacho ni mgogoro unaosubiri ajali.

Zilipita miezi. Halafu gari likaanza kugoma kuwaka Jumatatu asubuhi. Ni Jumatatu tu. Ukigeuza ufunguo unasikia tak tak tak, taa za dashibodi zinafifia, basi. Tunalibusti, linafanya kazi wiki nzima bila tatizo. Nikalipeleka kwa wakala. Aliyelipokea alifungua boneti, akaona waya wa GPS kwenye betri, akafunga. "Dada, hiyo GPS ndiyo inanyonya betri. Hapo waranti haihusiki."

Sikubishana naye. Nilimwomba msimamizi wa karakana, mtu mzima, nikamwamkia, nikamweleza kwamba sikatai kulipa kama kosa ni la kifaa changu, ila naomba lipimwe kwanza. Nikamwonyesha barua pepe yao na picha. Nilikuwa na kitu kingine pia: GPS yenyewe hurekodi volti za betri, na kumbukumbu zake zilionyesha kila Jumamosi jioni gari likizimwa na kupaki, volti zinaanza kushuka kutoka 12.6 moja kwa moja bila kutulia. Siku za katikati ya wiki hazikupata nafasi ya kushuka sana kwa kuwa gari linawashwa kila asubuhi.

Msimamizi yule akakubali. Akafungua kichwa cha negativu, akaunganisha mita katikati ya betri na waya wake, akafunga milango kwa rimoti, akaniambia tungoje, maana kompyuta za gari huchukua muda kulala. Tukangoja. Gari lililolala vizuri halitakiwi kuvuta zaidi ya milliampea 50 hivi. Mita iligoma kushuka chini ya 800. Akachomoa fyuzi ya GPS yangu. Mita ikashuka kidogo mno, milliampea kumi na kitu, ikabaki palepale juu. Akairudisha. Akaanza kuchomoa fyuzi za gari, moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye ya vitasa vya milango mita ikaanguka. Tatizo lilikuwa kitasa cha mlango wa nyuma kushoto: swichi iliyomo ndani yake ilikuwa inaiambia kompyuta kwamba mlango uko wazi, hata ukiwa umefungwa, kwa hiyo kompyuta hailali. Kwa milliampea 800, kutoka Jumamosi jioni mpaka Jumatatu alfajiri ni karibu ampea-saa 29, kwenye betri ya 70 ambayo ilikuwa imeshachoka kwa kumalizwa kila wiki.

Kitasa kilibadilishwa bure. Betri tulivutana, kwa sababu kitabu kinaipa muda mfupi kuliko gari na muda huo ulikuwa umepita. Nilijenga hoja kwamba betri imeuawa na kitasa chao. Mwishowe tuligawana bei nusu kwa nusu, na nilikubali.

Kuna vitu nilivikataa bila hata kuuliza. Fundi mmoja alitaka aniandikie upya programu ya injini, gari liwe na nguvu zaidi likivuta trela. Mashine ya wakala inasoma utambulisho wa programu iliyomo kwenye kontroli boksi na kuulinganisha na wa kiwandani, na magari mengi yanahifadhi hesabu ya mara ngapi yameandikwa upya, hata ukirudisha ya mwanzo. Nguvu ya ziada kwenye turbo ni joto la ziada, na turbo ikifa hapo hakuna wa kukuhurumia. Kutoa masega ni vivyo hivyo, pamoja na moshi tunaowapelekea watoto wa watu barabarani. Na makava ya viti, ambayo karibu kila gari Dar linayo: pikapu yangu ina mifuko ya hewa ubavuni mwa viti vya mbele. Kava likiifunika, siku ya ajali mfuko unaweza kushindwa kutoka. Viti vya mbele nimeviacha vilivyo, vya nyuma nimevivalisha.

Sasa dashibodi imepita 60,000 na mwaka wa tatu umeanza. Nimepanga nirudi kwa wakala miezi miwili kabla ya waranti kuisha, gari likaguliwe juu na chini, na kila mlio na kila uvujaji uandikwe kwenye fomu yao ukiwa na tarehe na muhuri. Nimeshauliza, kwa maandishi, wakanijibu kwamba kilicholalamikiwa kabla ya siku ya mwisho kitashughulikiwa hata kama kipuri kitachelewa kufika. Jibu hilo nimelichapisha, liko kwenye faili na mengine.