Fremu Tisa Mbovu na Moja Nzuri

Mwishoni mwa Juni 2021, Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alitoa video fupi akasema programu yao si ya kushirikishana picha tena. Nguvu sasa zinahamia kwenye video. Wapiga picha tulitumiana kipande kile kama watu wanaopashana habari za msiba. Rafiki yangu mmoja, mpiga picha wa harusi ambaye akisemesha nguzo ya umeme nadhani itamjibu, alinipigia simu siku ile ile.

"Umesikia? Sasa itabidi uso wako uonekane."

"Uso wangu una kazi yake nyuma ya kamera."

"Haya bwana. Utakuwa Vivian Maier wa pili."

Alijua pa kunishika. Maier alilea watoto wa watu huko Chicago na miaka nenda rudi akawa anapiga picha mitaani, fremu zaidi ya laki moja, na karibu hakuna aliyeziona. Mwaka 2007 masanduku yake yalipigwa mnada kwa sababu hakuwa amelipa kodi ya stoo, na mwaka 2009 akafariki kabla dunia haijamjua. Watu humsimulia kama hadithi tamu ya kipaji kilichofichika. Mimi kila nikimfikiria, kinachonijia kwanza ni lile deni la stoo.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa sana: ukimya na woga. Siogopi watu. Wananimalizia chaji tu, na nikirudi nyumbani nataka mlango ufungwe. Kwa hiyo jioni ile niliamua nijaribu. Nikaweka simu kwenye stendi, taa laini pembeni, nikatabasamu: "Habari zenu wapendwa wangu!" Nikajisikiliza. Sijawahi kuwa na wapendwa wangu wa namna hiyo. Nikafuta, nikazima taa.

Kwenye kompyuta zilikuwepo picha za fundi saa niliyekwenda kumpiga picha karibuni, mzee mkimya kunizidi, aliyenikubalia kwa kichwa na kurudi kwenye kazi yake. Nilikuwa nimeshachagua moja ya kuweka mtandaoni: jicho lake nyuma ya kioo cha kukuzia, kibano mkononi, na skrubu ndogo kuliko punje ya mchele ikining'inia kwenye ncha. Picha safi. Ningeiweka, ningeandika "Fundi kazini", ningepata alama za moyo za wale wale wa siku zote.

Nikatazama zile nilizozitupa. Tangu 2017 Instagram ilikuwa ikiruhusu picha hadi kumi kwenye chapisho moja, na desturi ilikuwa kupanga nzuri kumi. Mimi nikapanga mbovu tisa kwa mfuatano nilivyozipiga, na ile nzuri nikaiweka ya mwisho.

Ya kwanza fokasi, yaani ukali wa picha, iliangukia kwenye kifuniko cha saa badala ya jicho. Lenzi iliyofunguliwa sana, hadi f/1.8, tena kwa karibu vile, eneo lililo kali ni jembamba mno; fundi akipumua tu, jicho limeshatoka nje ya eneo hilo. Ya pili kivuli changu kimefunika meza. Ya tatu mkono umekuwa ukungu kwa sababu kasi ya shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga, ilikuwa ndogo. Ya nne ndiyo niliyoipenda katika zile mbovu: mzee ananitazama usoni, uso umekunjamana, kwa kuwa mlio wa shata umemfanya adondoshe skrubu. Ya tano ni mgongo wake, akiitafuta sakafuni.

Hapo nikabadili nikatumia shata ya kielektroniki, isiyotoa sauti kabisa. Henri Cartier-Bresson, mpiga picha Mfaransa, alibandika utepe mweusi kwenye sehemu zinazong'aa za kamera yake ya Leica ili asionekane. Sisi wa leo tumerahisishiwa. Ila ukimya una gharama. Shata hiyo husoma picha mstari kwa mstari, na taa ya bandia, ambayo hupepesa kwa kasi jicho lisione, huacha mistari myeusi katikati ya picha. Ya sita, ya saba na ya nane zote zina mistari, kana kwamba mzee yuko nyuma ya pazia la mbao. Ya tisa meza imeshasogezwa dirishani, taa imezimwa, lakini kiwiko kimeziba kila kitu. Kisha ile ya kumi.

Maelezo yalinichukua muda kuliko picha zenyewe. Kikomo ni herufi 2,200 na nilikaribia kukigusa. Sikuandika kwamba nina shauku na kazi yangu, wala kwamba nafasi bado zipo, wahi mapema. Niliandika kama ninavyomwandikia mpiga picha mwenzangu usiku: hapa ilikuwa hivi, hapa nikageuza hivi. Kabla ya kuachia nilimtumia mzee zote. Akajibu kwa ujumbe mmoja: ya kuinama sakafuni ibaki, ya kukunja uso ibaki, jina lake lisiandikwe.

Alama za moyo zilikuja chache kuliko kawaida. Rafiki yangu akapiga tena, safari hii amekereka.

"Mtu anaweka makosa yake hadharani! Na hujasema hata unapiga picha za nini, unapatikana wapi."

"Nimesema shata yangu haina kelele."

"Nani ananunua hiyo?"

Swali la haki. Lakini maoni yaliyoingia yalikuwa marefu, ya watu waliosoma hadi chini. Mmoja alikuwa amesumbuliwa na mistari ile ile ukumbini na alidhani kamera imekufa. Mwingine alitaka kujua skrubu ilipatikana. (Ilipatikana, ndani ya kiatu changu.) Nikamjibu kila mmoja kwa utulivu, na hapo ndipo nilipojishangaa: kwa maandishi mimi ni mpiga soga. Hakuna anayenisubiri nimalize sentensi, hakuna wa kunikatiza, naweza kufikiri kabla ya kujibu. Kwenye takwimu za akaunti, waliohifadhi chapisho walikuwa wengi kuliko waliolipenda. Watu walikuwa wanaliweka ili walirudie.

Kisha ukaingia ujumbe wa faragha kutoka kwa dada nisiyemjua.

"Nimesoma yote. Baba yangu hapendi kupigwa picha, ya mwisho aliyokubali ni ya pasipoti. Nilipomwonyesha ile ya fundi aliyekunja uso alicheka, akasema huyu angalau ameona. Unaweza kuja bila kumwambia atabasamu?"

Nilimuuliza baba anapenda kukaa chumba gani, mikono yake huwa inafanya nini, na dirisha liko upande gani. Akanijibu kwamba hupanga stempu kwenye albamu kila asubuhi, mezani, na dirisha liko kushoto kwake. Tukapatana bei kwa maandishi, tukapatana siku kwa maandishi. Sikulazimika kupiga simu hata moja, na kwangu hilo ni nusu ya malipo.

Nilimkuta mzee ameshaketi, miwani puani, stempu zimetandazwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye usiyeongea?"

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri. Kaa pale." Akanionyesha kiti kilichowekwa katikati kabisa ya dirisha na meza yake, mahali ambapo ningeziba mwanga wote, kwa hiyo ilibidi niongee.