Kumbukumbu inayovuja

Maelezo mengi ya kompyuta kwa wanaoanza yana sentensi ileile: transista ni swichi, ikiwaka ni 1, ikizimwa ni 0. Si uongo, lakini kwa RAM, kumbukumbu ya muda iliyo ndani ya kompyuta zetu nyingi, inapotosha. Mle transista haitunzi kitu. Ni mlango tu. Data yenyewe imekaa nyuma ya mlango, ndani ya kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) ndogo mno: ikiwa na chaji ni 1, ikiwa tupu ni 0.

Mpango huo wa transista moja na kapasita moja kwa kila biti (yaani kila 1 au 0) aliubuni Robert Dennard akiwa IBM mwaka 1966, na hataza yake ikatolewa 1968. Kwangu mimi ni moja ya mawazo mazuri kuliko yote katika historia ya kompyuta, kwa sababu Dennard alikubali kujenga kumbukumbu juu ya kitu kisichoweza kukumbuka. Kapasita ile inavuja. Hata transista ikiwa imefunga, chaji hupenya kidogo kidogo, na chaji yenyewe ni makumi ya maelfu tu ya elektroni. Ukiiacha, 1 yako inageuka 0.

Basi chipu haiachi. Katika DRAM (ndilo jina la RAM ya aina hii) za kawaida, kila seli, yaani transista na kapasita yake, husomwa na kuandikwa upya ndani ya milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 kwa sekunde. RAM ya gigabaiti 8 ina seli zaidi ya bilioni 68, na zote zinapitiwa hivyo hata wakati wewe umekaa tu unatazama skrini.

Halafu kuna jambo ambalo hunishangaza zaidi: kusoma kunafuta. Transista inapofunguka, chaji ya kapasita humwagika kwenye waya mrefu unaotumiwa na seli nyingine nyingi, na volti ya waya huo husogea kidogo sana, juu au chini. Saketi iliyo mwishoni mwa waya hunusa badiliko hilo, hulikuza mpaka liwe 1 au 0 kamili, kisha huirudisha chaji mahali pake. Na si seli moja inayosomwa, ni safu nzima kwa mpigo. Kwa hiyo ile kazi ya kuhuisha data haikuhitaji ufundi mwingine mgeni. Kusoma safu ndiko kuihuisha.

Ipo njia nyingine, SRAM, inayotumika kwenye kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa. Huko kwa kawaida transista sita hushikana kwa kila biti, nne kati yake zikisukumana ili hali isibadilike maadamu umeme upo. Ni ya kasi na haihitaji kuhuishwa, lakini transista sita hula nafasi. Ndiyo maana kashe huhesabiwa kwa megabaiti, RAM kwa gigabaiti.

Umeme ukikatika, zote mbili husahau, ingawa DRAM haisahau papo hapo. Mwaka 2008 watafiti, wengi wao wa Princeton, walionyesha kwamba data hubaki kwa sekunde kadhaa baada ya kuzima, na chipu ikipoozwa hubaki kwa dakika nyingi, kiasi cha kuweza kuchota funguo za siri.

Kwenye flashi na SSD, hifadhi zinazobaki na data hata bila umeme, ndipo transista inapotunza data yenyewe. Dawon Kahng na Simon Sze wa Bell Labs walionyesha mwaka 1967 kwamba elektroni zinaweza kunaswa kwenye geti, sehemu ya transista, lililozungukwa pande zote na kihami (kitu kisichopitisha umeme). Volti kubwa huzipenyeza humo, na zikishaingia hubadilisha volti inayotakiwa ili transista ifunguke. Humo hukaa miaka. Lakini kila kufuta na kuandika hukichosha kihami, na elektroni huponyoka polepole hata kifaa kikiwa kimezimwa, tena haraka zaidi penye joto. Picha ninazozithamini siziachi kwenye flashi moja iliyofungiwa kabatini.