Siku moja maishani mwangu: kuuza matangazo ya redio ya michezo Mombasa

Saa kumi na mbili asubuhi. Niko kwenye foleni ya feri Likoni, simu ishaanza. Fundi wa mitambo ananiambia stima ilipotea usiku kule mnarani na jenereta imemaliza dizeli. Namtumia pesa kwa M-Pesa, zile tulizotengea nauli ya ripota. Redio ikinyamaza, tangazo la mteja linaruka, na mteja wa tangazo lililoruka halipi.

Saa mbili. Kikao, chai na mahamri. Swali ni lile lile: mwezi huu nani analipa? Kwa miaka mingi redio za michezo Kenya zimebebwa na kamari. Mwaka 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa ilipokosa leseni na kuacha kuzidhamini Gor Mahia na AFC Leopards, kilio cha klabu kilisikika nchi nzima. Cha redio ndogo nani alikisikia? Kisha 29 Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia kamari ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Agosti mwaka huo ikasainiwa sheria mpya badala ya ile ya 1966. Mimi naiunga mkono breki ile, maana nawasikia vijana wanaopiga simu studio wakiulizia mkeka, yaani orodha ya mechi za kubetia, kuliko mpira. Lakini mshahara wangu ulichelewa, nao sikuuchekea.

Saa nne. Napigia ejensi moja ya matangazo ya Nairobi. "Ankara yako iko kwa mfumo, dada." Imo kwenye mfumo huo tangu zamani. Ejensi itakata kamisheni yake kwanza, kisha itulipe itakapojisikia. KRA, watoza ushuru wa Kenya, nao hawana habari na mfumo wa mtu: VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inatakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata ule wa ankara. Kwa hiyo tunalipa kodi ya pesa ambazo hatujazitia machoni.

Saa sita. Kongowea, duka la saruji na mabati. Mwenye duka namwita Ami.

"Ami, nimekuletea nafasi kwenye kipindi cha usiku."

"Usiku wateja wangu washalala, mwanangu. Fundi ananunua saruji asubuhi." Anapima misumari, anamhudumia mtu, ananirudia. "Nitaje timu yetu ya Bandari ikifunga bao. Kila bao nakulipa."

"Na isipofunga?"

"Basi mimi na wewe tumuulize kocha."

Tumebishana hadi soda ikaisha. Mwisho tumekubaliana: atajwe asubuhi mara mbili, na wakati wa mapumziko kila Bandari inapocheza uwanja wa Mbaraki. Ametuma nusu ya pesa papo hapo. Ni hela kidogo mbele ya kampuni ya kamari, lakini zimeingia leo, na Ami hana ejensi.

Saa kumi. Mbaraki, Bandari wako uwanjani. Ripota wetu anatangaza kwa simu ya mkononi, kidole kimoja sikioni kuziba vuvuzela, chaja mfukoni. Nimemwambia ripota amtaje Ami kwa jina la duka na mtaa, si "mdhamini wetu" tu. Mechi za ugenini hatwendi. Nauli ya kwenda Kakamega na kulala huko inazidi tangazo lolote nililouza wiki hii. Tunampigia mtu aliyeko uwanjani, tunamtumia bando.

Saa tatu usiku. Huu ndio wakati wetu: simu haziishi, WhatsApp imejaa sauti za mashabiki wa Arsenal na Manchester United wakitukanana kwa adabu za Kipwani. Haki za kutangaza mechi hizo moja kwa moja hatuna, kwa hiyo tunachambua tu. Vibandani watu wanatazama runinga huku wakitusikiliza sisi. Wasikilizaji tunao, ila ejensi zinasoma tafiti za kitaifa, na huko redio ya kaunti moja haionekani. Mtangazaji wetu bora kashafungua chaneli yake YouTube. Akimaliza kipindi anaenda kurudia uchambuzi ule ule huko, na wenye maduka wameanza kumtafuta yeye badala yangu. Leo nimemwekea pendekezo mezani: tuuze pamoja, redio na chaneli kwa ankara moja, tugawane. Anataka nusu kwa nusu. Nimempa asilimia thelathini, akacheka. Kesho tunaendelea, na nadhani nitafika arubaini.