Tulivyopata pa kufunga boti Llangollen

Kila aliyewahi kupita mfereji wa Llangollen alituambia kwamba kufika mjini si kazi, kazi ni kupata pa kufunga boti. Mji ni mdogo, uko kaskazini mwa Wales kando ya mto Dee, lakini kiangazi hufurika wageni. Tena boti za injini mwisho wake ni hapo. Mbele ya mji zinapita zile za kukokotwa na farasi tu. Ukiingia, ama unafunga, ama unageuza urudi ulikotoka.

Nikaona dawa ni saa. Wanaolala mjini huanza kuondoka wakishamaliza kifungua kinywa, basi sisi tufike wakati huo huo. Jioni tukavuka daraja la maji la Pontcysyllte, yaani daraja linalobeba mfereji wenyewe, lililofunguliwa mwaka 1805, mita 38 juu ya mto, na upande mmoja halina hata reli ya kujishikia. Mama Salma alikaa omo, mbele ya boti, hakusema neno mpaka ng'ambo. Tukalala kijiji cha Trevor, mwendo wa kama saa mbili kutoka mjini.

Alfajiri tukang'oa vigingi. Maji ya mfereji huu yanatembea, kwa kuwa yanachotwa Dee juu ya mji na kuteremka kuelekea Cheshire, kwa hiyo tulikuwa tunapanda mkondo, na boti ilikwenda polepole kuliko mtu anayetembea. Karibu na mji mfereji umechongwa kwenye mwamba, una vipande ambavyo boti mbili hazipishani, ingawa kila moja ina upana wa mita 2 na kidogo tu. Hapo mtu lazima atangulie. Mama Salma akashuka, akashika njia ya ukingoni na simu mkononi.

"Baba Salma, ngoja hapo hapo. Wanakuja wawili."

Nikangoja. Wakapita, tukapungiana mikono.

"Haya njoo, kweupe."

Hao wawili ndio waliotuachia nafasi. Tulipita boti zilizofungwa kwa mwendo wa chini kabisa, maana ukiongeza moto maji yanazivuta mpaka vigingi vya watu vinang'oka. Nilipoiona nafasi, nikaelekeza omo ukingoni kwa mshazari, nikasukuma kana, ule mkono wa usukani, kidogo, nikatoa gia. Mkondo uliotuchelewesha njia nzima sasa ukawa breki yetu: boti ikasimama yenyewe. Salma akashuka na kamba ya katikati, akaipitisha kwenye pete ya ukingoni mara moja, akaishikilia. Hakuruka, na hilo nalisisitiza kwa kila mtu. Boti ni tani kadhaa za chuma, na mguu ukiingia kati yake na ukingo ndio basi.

Kamba ya omo tukaifunga ikielekea mbele, ya tezi, yaani nyuma ya boti, ikielekea nyuma, zote za mshazari, boti isiyumbe mbele na nyuma wengine wakipita. Ya katikati tukaifungua. Wengi huiacha imefungwa, nami sikubaliani nao, kwa sababu boti nyingine ikipita kwa kasi inailaza yako ubavu, na vyombo vya jikoni vinamwagika.

Tukasoma kibao cha muda unaoruhusiwa kukaa, tukafunga mlango, tukaenda sokoni.

Mchana ikaja familia na boti fupi, wanazunguka hawaoni pa kuingia. Mbele yetu palibaki uwazi, ila hautoshi. Nikamwita Salma, tukalegeza kamba, tukasogea nyuma pete moja. Wakaingia.