Nilivyoipata zambarau kwenye mwani wa Paje

Mama mdogo analima mwani Paje, Zanzibar, tangu mimi niko darasa la pili. Bamvua likifika na maji yakatoka mpaka kule karibu na mwamba, yeye na wenzake huwa wameshashuka na kamba zao. Kwa hiyo nilipotakiwa kuchagua mada ya utafiti wa uzamili, sikwenda mbali. Nilikuwa nimesoma kwamba bakteria wa baharini waitwao Pseudoalteromonas hupenda kukaa juu ya mwani, sifongo na wanyama wengine wa baharini, na kwamba baadhi yao hutoa rangi ya zambarau iliyokolea, violaseini. Nilitaka kuwapata wa kwetu. Tena nilitaka rangi yao ishike kitambaa, isiishie kwenye sahani za maabara.

Siku ya kwanza nilikata vipande vya mwani, nikavisuuza kwa maji ya bahari yaliyochemshwa ili waondoke bakteria wapita njia, kisha nikasugua ngozi ya mwani kwa kijiti cha pamba. Mama mdogo alisimama akinitazama, maji yakimfika magotini.

"Mwanangu, huo ute wa mwani waupeleka wapi?"

"Maabara, mama. Natafuta vijidudu vyenye rangi."

"Rangi gani tena, na mwani wenyewe mwaka huu wageuka mweupe?"

Alikuwa anasema kweli. Maji yakipata joto kupita kiasi, mwani huugua, matawi hupauka na kukatika, na jasho la miezi linakwenda na maji. Neno lake lilinikaa moyoni kazi yote.

Chakula cha bakteria wa baharini kinauzwa tayari, lakini bei yake haishikiki. Nikarudi kwenye kanuni ya Claude ZoBell, mtaalamu wa Marekani aliyeweka msingi wa elimu hii: gramu 5 za peptoni, yaani protini iliyokwisha kuvunjwavunjwa, na gramu 1 ya kiini cha hamira kwa lita moja ya maji ya bahari. Maji nilikuwa nayo, ya Paje hasa, nikayachuja kwa karatasi. Nikaongeza gramu 15 za agari ili igande, nikaipika kwenye otoklevu, sufuria ya mvuke wa shinikizo inayoua vijidudu vyote, kwa nyuzi 121 dakika 15. Agari yenyewe hutoka kwenye mwani mwekundu wa aina nyingine. Mwani wetu wa Paje hutoa karajini, kigandishi cha namna nyingine. Iliniuma kununua kutoka nje kitu kinachotoka kwenye mwani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa joto. Inkubeta ya maabara, kabati la joto la kuoteshea, ilikuwa imewekwa nyuzi 37, joto la mwili wa binadamu, nami nikaingiza sahani zangu humo bila kufikiri. Vikaota vidoa vichache, vyote vyeupe. Bakteria wa mwani hawajapata kuishi ndani ya mwili wa mtu, nao niliwataka wafanye kazi kwenye homa. Mara ya pili niliziacha sahani mezani, kwenye nyuzi 27 au 28. Siku ya tatu asubuhi nilikuta vidoa vya rangi ya maziwa, vya njano, vya machungwa, na katika sahani moja, pembeni kabisa, kidoa kimoja cha zambarau kidogo kuliko punje ya ulezi. Nilikaa chini nikakitazama kwa muda mrefu.

Kisha nikakipoteza. Niliihifadhi ile sahani kwenye friji, nikaenda nyumbani kwa mapumziko, niliporudi na kujaribu kukiotesha upya hakikuota kitu. Baridi ya friji ilikuwa imewaua. Nilirudi Paje bamvua lililofuata, nikaanza moja, na safari hii jioni ileile niliyoona zambarau nilichanganya bakteria hao na gliserini nikawaweka kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Anayeanza kazi hii namwomba afanye hivyo kabla ya jambo lingine lolote.

Mtihani mkubwa ulikuja nilipotaka rangi nyingi. Nilidhani nikiwaweka kwenye chupa ya supu, yaani chakula kilekile bila agari, na kuitikisa usiku kucha nitavuna kwa lita. Waliota vizuri mno, supu ikawa nzito, lakini imepauka kama maji ya mchele. Hapo ndipo nilipoanza kuwafikiria kama wakazi wa mwani. Violaseini hujengwa kutokana na molekuli mbili za triptofani, moja ya asidi amino zinazojenga protini, na ujenzi huo hauendi bila oksijeni. Halafu kuna suala la msongamano. Kwa Chromobacterium violaceum, bakteria wa zambarau wa udongoni na maji yasiyo na chumvi, imethibitishwa kwamba hupashana habari kwa kemikali, na rangi huanza kutoka pale tu wanapojua wamekuwa wengi mahali pamoja. Wangu walionyesha tabia kama hiyo: wakielea hawatoi, wakikaa juu ya kitu wakabanana, wanatoa.

Basi nikawapa pa kukaa. Nilitandaza kipande cha hariri nyeupe juu ya agari, nikawamwagia bakteria juu yake, nikafunika. Siku ya nne hariri yote ilikuwa zambarau, yenye mawimbi meusi kidogo pale walipobanana zaidi. Niliipika kwenye otoklevu ili wafe wote. Kuwaua kwa spiriti kungeiyeyusha rangi na kuitoa. Kisha nikaifua kwa sabuni mara tatu. Ikabaki.

Rangi niliyoitoa kwa ethanoli ilipopimwa kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na rangi, ilifyonza zaidi karibu na nanomita 575, mahali pake violaseini, na jeni ya 16S, inayotumika kutambua bakteria, ikawaweka bakteria wangu kwenye ukoo wa Pseudoalteromonas. Vipande vidogo vya hariri hiyo nilivilaza juu ya sahani ya Staphylococcus aureus, wale wa majipu na vidonda, na kila kipande kikazungukwa na ukanda mtupu ambamo hawakuota. Hapo ndipo naliona tumaini kubwa la rangi hizi: bandeji, bitana za nguo, vitambaa vya hospitali. Prodijiosini, rangi nyekundu inayotolewa na bakteria wengine, baadhi yao wa baharini, nayo inachunguzwa maabara kwa nguvu zake dhidi ya vimelea na seli za saratani.

Pamba ilinivunja moyo. Bafta ilishika rangi hafifu, na hata nilipoitia kwanza shabu ya kushikishia rangi iliongezeka kidogo tu. Na jua ni adui. Niliweka hariri dirishani, nusu nimeifunika kwa kadibodi, na baada ya wiki mbili nusu iliyoachwa wazi ilikuwa imefifia ikawa kijivu. Hii si rangi ya kanga, angalau kwa sasa.

Asijaribu mtu kuotesha mambo haya jikoni. Chromobacterium violaceum akiingia kwenye damu anaweza kuua, na Serratia marcescens mwenye prodijiosini anajulikana sana kwa maambukizi ya wodini. Rangi nzuri haikwambii nani aliyeitoa.

Mama mdogo nilimpelekea kile kipande cha hariri. Alikigeuzageuza, akakinusa, akauliza kama rangi itashika kwenye ukili wa kusukia mikeka. Nikachukua ukili wake uliokwisha kuchemshwa na kuanikwa, nikaurovya katika rangi ya ethanoli, nikaukausha kivulini, nikarudia mara tatu. Ulitoka mwepesi, kama ua la mbilingani. Nikamwambia jua litaufifisha.

"Mkeka wa chumbani," akasema. "Jua halifiki huko."

Ameshausuka upapi wa kwanza, anangoja nimletee ukili mwingine.