Mota ilisukwa mara mbili, kumbe tatizo ni rota

Mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga kule Uyole kaniletea mota iliyosukwa (yaani koili zake kufungwa waya upya) mara mbili ndani ya miezi minne. Ikizunguka tupu haina shida. Akimwaga mahindi tu, inaunguruma kwa mawimbi, inachemka, taa za banda zinapepesa.

Koili nilipima, fezi zote tatu sawa. Beringi mpya. Nikaenda naye mashineni, nikabana klampmita ya sindano, kipimo cha ampea kinachobana waya kwa nje, kwenye waya mmoja. Mahindi yalipoingia, sindano ikaanza kucheza, juu chini, haitulii. (Ya namba hapa inakuchanganya, tarakimu zinaruka tu.)

Karakana nikalisha fezi moja kwa umeme mdogo, nikawa nazungusha shafti kwa mkono taratibu, na hii baridi ya Mbeya vidole vimekufa ganzi. Kila ikifika sehemu fulani, ampea zinabadilika. Kuitoa rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka na shafti: chuma kimebabuka rangi ya bluu, nondo mbili za alumini zimekatika pale zinapoungana na ringi ya mwishoni mwa rota.

"Sasa mwanangu, hela yangu ya kusuka mara mbili?"

"Mzee, koili hazikuwa na kosa."

Akavuta ndoo, akaikalia.